Mwenye Lugha ni Nani?

Aliyejenga nyumba ana haki ya nyumba yake. Hilo halina ubishi. Lakini aliyebuni lugha, kisha akawaalika watu waitumie, ana haki gani juu ya ndimi zao? Katika zama hizi za kompyuta, swali hilo limefika mahakamani.

Java ni lugha ya kuandikia programu. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliitoa mwaka 1995, ikawahimiza waandishi wa programu waitumie; mwaka 2006 ikaanza kuitoa kwa leseni huria. Google ilipounda Android, mfumo wa kuendeshea simu za mkononi, iliandika sehemu kubwa ya kazi yenyewe, ila ikanakili takriban mistari 11,500 ya Java: majina ya amri na mpangilio wake, ili waliokwisha kuizoea lugha wasianze upya. Novemba 2007 mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, aliipongeza hadharani. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na mwaka huohuo ikaishitaki Google.

Wapenzi wa ushairi hawatapata tabu kukiona kiini cha shauri hili. Utenzi ni mali ya aliyeutunga. Mizani 8 za mshororo wake si mali ya mtu. Anayeziiba beti za mwenziwe ni mwizi. Anayetunga zake kwa mizani zilezile ni mshairi.

Hata hivyo, hoja ya Oracle isidharauliwe. Majina yale hayakuota kama magugu. Walikuwapo waliokesha wakiyafikiri, na mtoa jasho anastahiki ujira. Ila thamani yake haikutokana na jasho la Sun peke yake. Ilitokana pia na watu wengi waliotumia miaka kujifunza lugha hiyo, kwa kuwa waliambiwa karibuni.

Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa Google ushindi, majaji 6 kwa 2, ikisema matumizi yale yalikuwa ya haki. Ama kuhusu kama majina hayo yaweza kumilikiwa, mahakama haikuamua. Msemaji ameruhusiwa kusema, bila kuambiwa kama maneno ni yake.

Ruhusa ya namna hiyo ni pungufu ya uhuru. Kampuni huuzwa na kununuliwa, lakini karibu iliyokwisha kutamkwa haifai kurudishwa kinywani. Anayeinunua nyumba ya mwenyeji, na azichukue pamoja na ahadi alizowapa wageni.