Deni la Mwigizaji

Hivi ni haki kumfundisha mtu sanaa isiyoweza kumlipia deni la kuisomea?

Mwaka 2017, huko Marekani, shule ya uigizaji ya A.R.T., iliyoanzishwa 1987 pale Harvard, ilisitisha kupokea wanafunzi wapya. Serikali ilikuwa imepiga hesabu: mhitimu alitoka na deni la dola 78,000 hivi, na kipato chake kwa mwaka ni kama dola 36,000 tu.

Wapo waliosema afadhali ifungwe. Mimi, mtunzi chipukizi niliyeishia kidato cha nne, nakubali nusu. Kumtwisha kijana deni kwa jina la kipaji ni dhuluma. Lakini jamani, mlango ukifungwa, nani atabaki jukwaani? Si yule mtoto wa tajiri, ambaye hata mkopo hakuuhitaji!

Mwaka 2021 tajiri David Geffen aliipa shule ya maigizo ya Yale dola milioni 150, ada ikafutwa. Nchi ileile, sanaa ileile. Aliyebadilika ni mlipaji. Basi kosa halikuwa la sanaa.

Ila haki haingojei fadhila za tajiri. Mchezo tunautazama wote. Kwa nini gharama aibebe mwigizaji peke yake?