Chumba Kile cha Darini



Kuna somo tunasomewa Dominika ya 13 ya Mwaka A, kutoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Wengi wenu mnalikumbuka. Mwanamke wa Shunemu, mtu mwenye uwezo wake, anamwona Elisha akipitapita mjini kwao. Anaanza kwa kumkaribisha chakula. Baadaye anamshauri mume wake kwamba huyu mtu wa Mungu anapita hapa mara kwa mara, basi waongeze chumba kidogo juu ya nyumba, wakiwekee kitanda, meza, kiti na taa. Elisha anapokea ukarimu huo, na somo linaishia pale anapomwahidi mama yule kwamba mwakani atapakata mtoto wa kiume. Msomaji anasema "Neno la Bwana", tunamshukuru Mungu, tunaendelea na zaburi.

Kwa kweli tunaishia mapema mno. Chukua Biblia yako uendelee kuanzia aya ya 18. Mtoto amekua, amemfuata baba yake shambani kwa wavunaji, mara analalamika kichwa. Baba anaagiza apelekwe kwa mama. Anakaa mapajani mwa mama yake hadi saa sita mchana, anakufa. Na mama anambeba na kumpandisha wapi? Kwenye chumba kile kile cha darini, juu ya kitanda kile kile alichomtandikia mgeni. Anafunga mlango, anapanda punda, anamfuata Elisha hadi mlima Karmeli.

Nimelisoma somo hili mara nyingi, na hata mtihani nimelifanyia. Ila sikuliona vizuri hadi yalipotokea mambo ninayotaka kuwasimulia, na si mambo ya kujivunia.

Nilikuwa kwenye kazi za kichungaji, kigango kimoja huku kwetu Ruvuma. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, taya limevimba upande mmoja. Watu walidhani ni jino. Uvimbe ule ulikua haraka, wiki tatu tu uso ukawa umepinda. Madaktari wakasema ni saratani, aende Dar es Salaam. Tukafanya kile tunachojua kufanya: tukatangaza kanisani, jumuiya zikachanga, vijana wakapitisha kikapu, nikaongoza sala, na alfajiri nikawasindikiza stendi. Songea hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, unapita Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro. Basi lilipoondoka nilirudi nimeridhika sana. Hata picha nilipiga, nikaiweka kwenye status.

Sikumuuliza mama yule swali moja: ukifika, utalala wapi?

Sasa niwaeleze kidogo jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza nimechelewa. Kuna saratani ya watoto inaitwa limfoma ya Burkitt, jina la daktari mpasuaji, Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Inapatikana sana kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu, na mara nyingi inaanzia kwenye taya. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini pia inasikia dawa haraka. Uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache baada ya kuanza kemotherapi. Hapo ndipo penye mtego, maana mzazi anamwona mtoto amerudi sura yake, anacheka, anakula, na bado dozi hazijaisha. Dawa zinatolewa kwa mizunguko. Katikati ya mzunguko na mzunguko mtoto hana sababu ya kulazwa wodini, lakini hatakiwi kwenda mbali, kwa sababu dawa zile zinashusha kinga ya mwili. Homa ambayo kwa mwingine ni ya kumeza panadol na kulala, kwake ni dharura, anatakiwa kufika hospitali upesi. Kwa hiyo familia inahitaji mahali pa kuishi karibu, kwa miezi, penye maji safi. Hiyo si kazi ya gesti ya kulipia kila siku. Na chumba cha ndugu?

Mama yule alifikia kwa shemeji yake. Baba mwenye watoto wanne, chumba kimoja cha kupanga, mbali na hospitali. Nilipompigia simu, nikamuuliza habari za mgonjwa. "Tunaendelea vizuri, Frateri." Nikamshukuru Mungu, nikakata.

Mnajua majibu yetu. Mgonjwa yuko mahututi, ukisalimia unaambiwa hatujambo. Yule mama wa Shunemu naye ni mtu wa kwetu kabisa: mtoto amelala kitandani amekufa, mume anauliza mbona unakwenda kwa mtu wa Mungu leo, si mwezi mwandamo wala sabato, anajibu ni salama. Gehazi anatumwa njiani kumuuliza kama mtoto hajambo, naye anajibu ni salama. Ni Elisha peke yake aliyetambua, pale mama alipomshika miguu na Gehazi akataka kumsukuma, kwamba roho ya mama huyu ina uchungu ndani yake.

Baada ya mzunguko wa pili mama alirudi kijijini na mtoto. Taya lilikuwa limeshuka, kigango kizima kikashangilia, tukatoa misa ya shukrani. Nilipokaa naye vizuri ndipo akanieleza. "Shemeji hakunifukuza, Frateri. Ila mtoto alikuwa anatapika usiku kucha, na wenzake kesho wanaamka kwenda shule. Nikaona aibu. Nikasema kwanza amepona, niwapumzishe."

Uvimbe ulirudi. Tulimzika mwezi wa nne, mvua zikiwa bado.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba angelala pengine lazima angepona. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Ila Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Kati ya sababu wanazozitaja, pamoja na kuchelewa kugunduliwa na upungufu wa dawa, ipo hii ya kuacha matibabu katikati. Mwaka 2018 wakaweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa duniani wawe wanapona. Burkitt ni mojawapo ya saratani sita walizozipa kipaumbele, kwa sababu inatibika. Neno hilo, inatibika, bado linanikaa kooni.

Na nyumba zipo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikujua na sikuuliza. Pale Muhimbili shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na hospitali kwenye matibabu ya watoto wenye saratani, lina nyumba ya kuwapokea watoto na wazazi wao wanaotoka mikoani. Inaitwa Ujasiri. Jina zuri. Lakini fikirieni: sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mkoa wetu peke yake zaidi ya milioni 1.8. Nyumba ya namna hii inatakiwa kupanuliwa, na nyingine zijengwe karibu na kila hospitali inayotibu watoto kwa miezi mirefu, iwe ya saratani, ya moyo au ya figo.

Msidhani ni jambo la wazungu wenye hela nyingi tu. Nyumba ya kwanza maarufu ya aina hii ilifunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1974. Ilianza na baba mmoja, mchezaji wa mpira wa kule, Fred Hill, ambaye binti yake mdogo Kim alikuwa na saratani ya damu. Yeye na mke wake walilala kwenye viti na mabenchi ya hospitali, wakawaona wazazi wengine nao hivyo hivyo. Daktari wa watoto, Audrey Evans, alikuwa anatafuta nyumba kwa ajili ya familia hizo. Sehemu ya hela za kwanza ilitokana na kuuza vinywaji vya maziwa. Maziwa, jamani! Na sisi VIWAWA tunauza maandazi kila Dominika kwa ajili ya sare.

Turudi kwa Gehazi, maana nina kesi naye. Elisha alipoelewa jambo, alimtanguliza Gehazi na fimbo yake, akaiweke usoni pa mtoto. Gehazi akakimbia, akaiweka, hakuna sauti, hakuna dalili. Akarudi kutoa ripoti. Mimi nilikuwa Gehazi. Nauli ile ilikuwa fimbo: tuliituma, tukangoja ifanye kazi peke yake. Lakini mama alikuwa amekwisha kusema hamwachi Elisha, na Elisha akaondoka akaja mwenyewe. Aliingia kwenye chumba kile, akafunga mlango, akasali, akajilaza juu ya mtoto hadi mwili ukapata joto. Akatembea chini na juu nyumbani, akarudi tena. Muda wote huo, chumba kilikuwepo. Kama mama yule angekuwa ametoa chakula tu na kuaga, nabii angekuja kukaa wapi na mtoto?

Msiogope, sitawaletea Aristotle, ingawa miaka mitatu ya falsafa inawasha. Nitamtaja Mtakatifu Thoma wa Akwino tu. Anapoorodhesha matendo ya huruma ya kimwili anaweka kumtembelea mgonjwa na kumpokea mgeni kila moja mahali pake. Vijana tuna bidii na la kwanza: tunaingia wodini na sabuni, sukari na wimbo, tunatoka. La pili tumewaachia wenye gesti. Na Yesu aliyaunganisha mwenyewe kwenye Luka 10. Msamaria hakuishia kufunga majeraha kwa mafuta na divai. Alimpeleka mtu yule nyumba ya wageni, akalala naye pale, asubuhi akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa ziada akirudi. Neno la Kigiriki alilotumia Luka kwa nyumba ile lina maana ya mahali panapopokea wote.

Sasa sisi wa Songea tufanye nini? Najua hatuna hela ya kujenga Dar. Lakini vijana wangapi wa Ruvuma mko Dar, mna kibarua, mna chumba cha ziada au mnamjua mwenye nacho karibu na Upanga? Parokia gani ina jengo linalofungwa Jumatatu hadi Jumamosi? Na hapa hapa kwetu, hospitali ya mkoa na ile ya Peramiho zinapokea watu kutoka Tunduru, Namtumbo, Mbinga na Nyasa. Nendeni jioni mkaangalie ndugu wa wagonjwa wanalala wapi. Peramiho Wabenediktini wapo tangu 1898, na Kanuni yao, sura ya 53, inataka kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Tuongee nao, tuongee na maparoko, na WAWATA msiwasahau maana hao ndio wenye sufuria. Mimi nimeanza na daftari: kila mgonjwa anayetumwa mbali kutoka parokia yetu, pembeni ya jina naandika atalala wapi. Pakiwa wazi, hatujamaliza mchango.

Mama yule bado anasali kigango kile kile, anakaa benchi la tatu upande wa kina mama. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alinyamaza muda, akaniambia niandike. Kisha akauliza kama nyumba hizo zina jiko la kina mama kupikia wenyewe. "Maana mtoto akishachomwa zile dawa, Frateri, hali chakula kilichopoa. Anataka uji saa nane za usiku. Wakipanua, waambie waweke jiko lisilofungwa usiku."

Nimelinakili hilo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.