Wasiohesabiwa Msituni

Serikali yetu imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lengo zuri, nani atakataa? Ila mimi huuliza: tukishapanda miti, tumerudisha msitu?

Linganisha shamba la misonobari na msitu wa asili kama ule wa Kakamega. Juu, kote ni kijani. Chini ndiko kuna maneno. Majani ya msonobari huoza polepole na kuuongezea udongo wa juu asidi. Nyungunyungu wengi hawaiwezi asidi hiyo. Wao hufuata udongo wenye kalsiamu na majani laini. Wakipungua, nani atachimba vijia vya maji na hewa? Jongoo hutafuna majani makavu, mchwa humaliza magogo. Udongo huchagua wanyama wake, na wanyama nao huutengeneza udongo. Darwin aliliona hilo, akaandika kitabu kizima juu ya nyungunyungu mwaka 1881.

Utaniambia binadamu anahitaji mbao na kuni. Kweli kabisa. Lakini tunacholinda ni kile tunachohesabu, na sisi tunahesabu mashina tu. Nyungunyungu hana kura, hana sauti, wala hapendezi kwenye picha za siku ya kupanda miti. Bado tunakula jasho lake.

Basi tukipanda, tuchanganye miti ya kienyeji, na majani yaliyoanguka tuyaache yaoze. Deni ni deni, hata kama anayetudai yuko chini ya nyayo zetu.