Wiki ya Mtu wa Mbagala ni ya Nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kwa hesabu hiyo, wiki ya saa 168 ina nafasi tele ya kujiendeleza kimasomo au kujifunza ushonaji. Lakini anayetoka Mbagala, Chamazi au Bunju alfajiri kuwahi kazi katikati ya Dar es Salaam, akarudi usiku baada ya foleni, haioni nafasi hiyo. Jumamosi ana harusi. Jumapili ana ibada. Na turubai la msiba likifungwa mtaani, ratiba yote imekwisha.

Je, mtu huyu hana nidhamu, au anaishi wiki ambayo si yake peke yake?

Mjadala kuhusu Mwafrika na wakati si mpya. Mwaka 1969, mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti aliandika katika African Religions and Philosophy kwamba kwa fikra za jadi za Kiafrika wakati una zamani ndefu na sasa, ila wakati ujao ni mfupi mno. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia lugha na fikra za Waakan. Mbagala nayo ina ushahidi wake, nao ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba.

Siku ya kikao wanachama, wengi wao akina mama, huketi mkekani kulizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki. Kila mwanachama hununua hisa, zikaandikwa au kugongwa mhuri kwenye kitabu chake. Aliyechelewa hutozwa faini hapo hapo. Utaratibu unaofanana na huu ulianzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Mzunguko ukiisha, fedha hugawanywa: kwa huyu ni ada ya Januari, kwa yule mabati au cherehani. Anayenunua hisa mwezi Machi kwa ajili ya ada ya Januari hawezi kuambiwa hana wakati ujao.

Na ni mama huyo huyo wa kikoba anayesema hana hata saa moja ya kwake. Kikaoni hakosi, kwa sababu kuna wanaomsubiri.

Dini zilijua zamani kwamba wakati hulindwa kwa kukutana na wengine. Surat al-Asr inaanza kwa kiapo cha wakati, na Mwislamu anafundishwa kuwa umri wake ni amana atakayoulizwa. Hata hivyo hakuachwa atafute nafasi ya kuswali anapojisikia: kuna adhana, kuna swala ya jamaa, kuna Ijumaa. Mkristo naye ana Jumapili, au Sabato kwa Wasabato. Ikiwa wakati ni amana, basi kukuza kipaji ni sehemu ya kuitunza, wala si kuwaibia ndugu. Kosa ni kulibeba lengo kimya kimya, kisha kuwalaumu watu wasiolijua.

Kwa hiyo anayetaka kurudia mtihani wa kidato cha nne atafute wenzake wawili, wachague jioni moja ya wiki, waitangaze nyumbani na waweke faini. Msiba ukitokea, waende wakazike, kisha kikao kihamie kesho yake. Na kama mwanafunzi ni mke, mume apike jioni hiyo.