Safari Atakayoisahau

Mzazi anayepanga safari ndefu na mtoto mdogo huulizwa swali moja kabla hata hajafunga begi: atakumbuka nini huyo? Anayeuliza hana ubaya. Ni bibi, ni shangazi, ni jirani anayejua nauli na anayejua mishahara. Lakini swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu ndani yake mna dai kuhusu maisha ya binadamu: kwamba jambo lisilobaki akilini ni sawa na jambo ambalo halikutokea. Dai hilo nalikataa, na nitalikataa kwa kutazama safari ya aina ambayo inaonekana kulithibitisha.

Tuchukue familia inayokodi gari-nyumba mjini Christchurch, New Zealand. Ni gari lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo. Barabara kuu namba 1 inateremka kusini hadi Dunedin, kilomita 360 hivi, mwendo ambao mtu mzima anaumaliza mchana mmoja. Mwenye mtoto wa miaka miwili na mwingine wa minne huugawa kwa siku tatu au nne. Sheria ya nchi ile inataka kila mtoto ambaye hajatimiza miaka saba afungwe kwenye kiti cha watoto, kwa hiyo kitanda kipo nyuma lakini hakilaliki gari likiwa mwendoni, na hakuna wa miaka miwili atakayevumilia mkanda saa tano. Basi wanasimama. Jioni wanasimama Oamaru, ambako pengwini wa aina ndogo kuliko zote duniani, kiumbe wa kilo moja hivi, hutoka baharini giza linapoingia na kupanda mawe kwenda viotani. Asubuhi wako ufukweni Moeraki, penye mawe makubwa ya duara yaliyotapakaa mchangani, mengine yakifika kipenyo cha mita mbili. Mtu mzima huyapiga picha dakika kumi akaridhika. Mtoto wa miaka miwili huchagua jiwe moja. Analipiga kofi, analizunguka akiwa ameliwekea kiganja, anafika alipoanzia, anashangaa kulikuta lile lile, anazunguka tena. Chini yake pamebaki kidimbwi cha maji, na mchanga wake unameza vidole vya miguu. Anavitoa, anavitia, anavitoa. Nusu saa inapita hivyo. Akifika miaka kumi na mitano hatakuwa na hata punje ya nusu saa ile.

Kusahau huko si dhana ya mtaani. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kabla ya miaka mitatu au mitatu na nusu, na hata hiyo ya kwanza mara nyingi ni kipande kisicho na mwanzo wala mwisho. Huko huko Dunedin, katika Chuo Kikuu cha Otago, Gabrielle Simcock na Harlene Hayne walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watoto wa miaka miwili hadi mitatu na kitu, walioonyeshwa mashine ya mchezo iliyojifanya kuvipunguza ukubwa vitu vya kuchezea. Miezi sita au mwaka baadaye watoto wale walikuwa wameshajifunza maneno mengi mapya, lakini walipoulizwa kuhusu mashine hawakutumia neno hata moja ambalo hawakuwa nalo siku walipoiona. Mwaka 2014, Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitoa matokeo ya watoto waliorekodiwa wakiwa na miaka mitatu wakizungumza na wazazi wao kuhusu mambo yaliyowapata, kisha wakaulizwa mambo yale yale walipokua. Wenye miaka mitano hadi saba waliyakumbuka kwa asilimia 60 au zaidi. Wenye minane na tisa, chini ya asilimia 40.

Shangazi ataona ameshinda. Lakini matokeo haya yasomwe polepole. Mtoto wa miaka mitano anayeieleza siku aliyoiishi akiwa na mitatu anatuonyesha kwamba siku ile iliingia, ikakaa, ikawa yake. Kinachofutika baadaye ni kitu kilichokuwepo. Na wale wa Otago waliokosa maneno hawakukosa tukio. Walilipokea kwa macho na mikono kabla ulimi haujawa tayari kulibeba. Aliyesahau ni mtoto wa miaka tisa. Aliyeishi ni yule wa mitatu, na furaha yake haikuwa nusu eti kwa sababu mwenzake wa baadaye hataweza kuisimulia.

Mpinzani mkubwa wa ninachosema si shangazi, ni Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo, alichokiandika mwishoni mwa karne ya 4, anautazama uchanga wake na kukiri kwamba haukumbuki kabisa. Anaujua kwa kuambiwa na kwa kuwatazama watoto wengine. Kisha anasema anaona uzito kuuhesabu kuwa sehemu ya maisha haya anayoishi, kwa kuwa umezama katika giza la usahaulifu kama miezi aliyokaa tumboni mwa mama yake. Ni hoja ya mtu makini, na kama ni kweli basi nusu saa ya Moeraki haikuwa ya mtoto yule hata kidogo. Ila kurasa hizo hizo zina jambo jingine. Augustino anamshukuru Mungu kwa maziwa aliyonyonya, akisema si mama yake wala wanyonyeshaji wake walioyajaza matiti yao wenyewe, bali ni Mungu aliyemlisha kupitia kwao. Anashukuru kwa ziwa asilolikumbuka. Mtu hashukuru kwa wema aliotendewa mwingine kana kwamba ametendewa yeye. Akishukuru hivyo, ameshakubali kwamba mpokeaji ni yeye. Shukrani ya Augustino ina hekima kuliko hesabu yake, na mimi nasimama na shukrani.

Dini zilizokaa na swali hili kwa muda mrefu zimelijibu kwa vitendo. Katika Sahihi ya Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume alikutana na msafara mahali paitwapo Rawhaa, na mwanamke mmoja akamwinua mtoto wake mdogo na kuuliza kama huyu naye ana hija. Jibu lilikuwa ndiyo, anayo, na mama ana ujira. Wengi wa wanazuoni wakajenga juu ya hapo: hija ya mtoto ni sahihi, lakini haimwondolei faradhi; akibaleghe na akipata uwezo, itambidi aende tena. Huo ni utenganishi makini sana. Thamani ya tendo siku linapotendwa ni jambo moja, na kile linachomwekea mtu kwa miaka ijayo ni jambo jingine. Mtoto aliyebebwa kuizunguka Kaaba amehiji kweli, hata kama hakubakiwa na kitu ambacho utu uzima wake utakitumia. Swali la shangazi linayachanganya mambo haya mawili, kisha linakosa la pili na kutangaza kwamba la kwanza nalo halipo.

Torati nayo ina agizo la kusafiri. Sura ya 31 ya Kumbukumbu la Torati inataka kila mwaka wa saba, kwenye Sikukuu ya Vibanda, sikukuu ambayo watu huacha nyumba zao na kukaa katika makazi ya muda, Israeli wote wakusanyike kusomewa Sheria: wanaume, wanawake, wageni na watoto. Walimu wa Talmudi waliuliza hasa swali letu. Wanaume wanakuja kujifunza, wanawake kusikia; watoto wadogo wanakuja kufanya nini? Rabi Eleazari bin Azaria alijibu kwamba wanakuja ili wanaowaleta wapate thawabu. Jibu hilo lina upendo, lakini naona limempita mtoto. Lile la Rawhaa lilianza na yeye: anayo. Mzazi alifuata baadaye.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Kama mtoto hatakumbuka, je, safari si ya wazazi tu, na mtoto ni kisingizio? Mara nyingi ndivyo ilivyo, na sitawatetea. Zipo safari ambazo mtoto amefungwa kitini tangu asubuhi ili baba afikie kituo alichokipanga, anafunguliwa mbele ya mlima, anaambiwa atabasamu, anafungwa tena. Safari ya namna hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu, kumbukumbu ya picha, ya watu ambao hawakuwepo, na ya mtoto wa kesho ambaye atafunguliwa albamu na kuambiwa ulikuwa hapa. Yule wa leo amegeuzwa malighafi. Lakini tazama ubaya huo umetoka wapi: umetoka kwenye imani ile ile ya shangazi, kwamba thamani iko kwenye kinachobaki. Mzazi anayeamini kwamba siku ya mtoto inatosha kwa siku hiyo husafiri vingine. Huacha jiwe moja limle nusu saa. Hupika uji kwenye jiko la gari saa ile ile ulipokuwa ukipikwa nyumbani, humnywesha katika kikombe kile kile, na humlaza mtoto kila usiku kwenye kitanda kimoja ingawa nje ya dirisha mahali pamebadilika. Gari-nyumba lina faida hiyo kwa mtoto mdogo kuliko hoteli yoyote: dunia inageuka, kitanda hakigeuki.

Wako wanaoitetea safari kwa njia nyingine. Husema mtoto atasahau tukio lakini athari itabaki. Kuna ushahidi wa kuwasaidia: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walionyesha kwamba wagonjwa wasioweza kuhifadhi kumbukumbu mpya walibaki na huzuni au furaha iliyotokana na filamu hata baada ya kuisahau filamu yenyewe. Nayapokea matokeo hayo, ila siwezi kuyategemea katika hoja yangu. Anayesema safari ina maana kwa sababu itamjenga mtoto amerudi kuipima leo kwa mizani ya kesho. Bibi mwenye maradhi ya kusahau hutolewa uani aote jua, na mjukuu humshika mkono. Saa moja baadaye bibi hajui kama alitoka, wala hakuna anayemwandaa kwa kesho yoyote. Hatuachi kumtoa. Tunajua alilipata jua.

Limebaki la fedha. Kukodi gari-nyumba ni gharama kubwa, na mwenye kusema angojee mtoto afike miaka kumi huenda ana haki kabisa kama mfuko hauruhusu. Sisemi kila mzazi asafiri. Ufuko wa karibu na siku moja isiyo na haraka vina jiwe na kidimbwi vilevile. Ninachokataa ni kungoja kwa sababu ya usahaulifu. Mtoto wa miaka kumi ataiona Moeraki kwa macho ya miaka kumi, ataisimulia vizuri, na itakuwa yake. Lakini yule wa miaka miwili, anayelizunguka jiwe na kushangaa kulikuta pale pale, hatakuwemo kwenye gari hilo. Ana muda wake mmoja tu na unaisha akiwa nyumbani anangojewa akue.

Basi mzazi uliyeahirisha kwa sababu hiyo, na uwezo unao, nakuomba usiahirishe tena. Nenda naye sasa, kwa mwendo wake. Na ukiulizwa atakumbuka nini, jibu kweli: hatakumbuka kitu, na tunakwenda naye hivyo hivyo.