Panya ya Mayi: Jina Linasema Nini?

Sisi wa kandokando ya mito tumezoea kusema "panya ya mayi" kwa kila kinyama chenye manyoya kinachotumbukia majini. Lakini tuseme ukweli: jina hilo moja linabeba wanyama watatu wasiofanana.

Wa kwanza ni simbiliki, ambaye wengine wanamwita ndezi. Anakaa kwenye matete, anajua kuogelea, na anakula majani. Wa pili ni panya mdogo wa vijito, anayetafuta wadudu majini usiku. Wa tatu anakula kaa na samaki, na mkia wake umebanwa pembeni kama wa samaki. Huyu si panya hata kidogo: ndugu zake ni wale tenreki wa Madagaska.

Mtu atauliza: sasa kosa liko wapi? Mtoto akipiga kelele "panya ya mayi!", sisi wote tunageuka na kuona. Ndiyo, kwa kuonyesha, jina linatosha. Shida inaanza pale jina linapoacha kazi ya kuonyesha na kushika kazi ya kuhukumu. Tunasema: ni panya, basi ni mwizi, piga! Na yule mla kaa anakufa kwa makosa ya panya wa ghalani, ambaye hata si wa ukoo wake.

Wenye vitabu nao wana yao. Yule mdogo wa vijito aliandikwa mwaka 1907, kutokana na mnyama wa upande wa Uele. Wakampa jina la Gosling, afisa Mwingereza aliyepita huko na kufa Niangara mwaka 1906. Mto na watu wake hawamo katika jina hilo.

Na kwa watu je? Kwa jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende, na wakauawa. Fimbo ilifuata jina. Huku kwetu pia tunasikia watu wakipewa majina ya wanyama, na tunacheka. Tusicheke.

Hatusemi tutupe jina la panya ya mayi. Tumelirithi, na lina kazi yake. Tunaomba tu kijana akilitaja, mzee amwambie: "Angalia mukia kwanza, mwanangu." Na akiwa ni mtu, tumuulize yeye mwenyewe: unaitwa nani?