Mtama Unaita Nani?

Ukikwama, upige kelele au unyamaze? Wengi wetu mjini tumeshajibu: nyamaza. Ukiandika kwenye statasi kwamba kodi imekushinda, wa kwanza kusoma huenda akawa mkopeshaji wa riba kali. Basi tunasema "niko poa," na siku inasonga. Nina rafiki aliyekuwa poa hadi mwenye nyumba akatia kufuli mlangoni. Sisi marafiki zake tungeweza kuchanga. Hakuna aliyejua.

Mtama ulikutana na swali hili kabla yetu. Huko Awendo, kando ya miwa inayolisha kiwanda cha Sony, watu bado wanapanda mtama na mahindi. Mvua ikikatika, fosforasi, ambayo hata udongo ukiwa na maji husogea polepole, inashindwa kuifikia mizizi. Mmea wenye njaa hiyo huita. Mizizi humwaga kemikali ziitwazo strigolaktoni, na kuvu za udongoni zikizihisi, hutandaza nyuzi na kuingia mizizini. Nyuzi hizo hupenya vitundu ambavyo mzizi haupiti, zikaleta maji na fosforasi. Si bure: mmea hulipa kwa sukari na mafuta. Mapatano haya yana zaidi ya miaka milioni 400.

Shida ni kwamba kuna mwingine anayesikia. Mbegu ya kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, hulala udongoni miaka mingi ikingoja wito huohuo. Ikiusikia inaota, inajichomeka kwenye mzizi na kunyonya. Wanasayansi waliutambua wito huu mwaka 1966 kama kitu kinachoamsha kayongo, na hata jina lake likatokana na Striga, jina la kisayansi la gugu hilo. Ni 2005 ndipo watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba unaita kuvu. Karibu miaka 40, wito wa rafiki ulibeba jina la mwizi.

Sasa, mtama unyamaze? Ukinyamaza kabisa utamkwepa mwizi, lakini utampoteza na rafiki. Gebisa Ejeta, mwanasayansi wa Ethiopia, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa mitama inayostahimili kayongo. Baadhi ya mitama ya aina hiyo bado inaita, ila kwa strigolaktoni nyingine ambayo kayongo haiisikii vizuri. Na kule Mbita, Homa Bay, watafiti wa ICIPE walionyesha kwamba desmodiamu ikipandwa katikati ya mistari, mizizi yake huiotesha kayongo kisha kuizuia isishike mwenyeji. Inakufa njaa. Jirani amelinda kilio cha jirani.

Nadhani hapo ndipo lawama zetu zinapokosea njia. Mtu akiomba msaada akaibiwa, tunamuuliza kwa nini alijianika. Swali la haki ni letu sisi tuliopandwa kando yake: alipoita, tulikuwa tunafanya nini?